Mfano wa Furaha

Tangu asubuhi mtunga kamusi alikuwa hakai, hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Anaketi, anainuka, anabandika chai, anaisahau hadi inakaukia jikoni. Neno lenyewe dogo tu, la Kiingereza: glad. Maana alishaziandika: kufurahi, kuridhika. Kilichobaki ni mfano, na ofisini kwao mfano hautungwi. Lazima uwe umetoka kinywani mwa mtu. Mhariri anautaka leo. Sasa nyumba hii, tangu mama azikwe, nani amefurahi humu?

Baba yake, fundi seremala, naye alikuwa akizunguka vyumbani, akipapasa kingo za meza kwa kidole gumba. Baada ya mazishi watoto walikubaliana kwamba mzee apumzike. Karakana ya uani wakaifunga, ufunguo akapewa yeye, binti mkubwa. Mzee hakulalamika. Alianza tu kukonda, na binti akaogopa, akaogopa sana, kwamba mwaka hautaisha kabla hawajamzika na yeye.

"Unahangaika na nini, mama?" mzee akamuuliza.

"Mfano wa neno, baba. Neno la furaha. Waingereza wa kale walipolisema walimaanisha kitu kinachong'aa. Wajerumani nao wana ndugu yake, na kwao mpaka leo maana yake ni laini."

Mzee akaitazama mikono yake. "Laini," akasema. "Kinachong'aa." Kisha akarudi kupapasa meza, aliyoiranda mwenyewe.

Binti akachomwa moyo. Kumbe wao ndio waliomfungia mzee furaha yake, wakaiita mapumziko! Hakuwapigia simu wadogo zake. Wale wangeitisha kikao. Akautoa ufunguo mkobani, akamwekea mzee kiganjani, hata kumtazama usoni asiweze.

"Nisamehe, baba."

Mchana kutwa randa ililia uani, maranda yakamwagika hadi mlangoni. Saa ya mhariri ilipokaribia, binti akatoka mbio, kalamu mkononi.

"Baba, unafurahi?"

Mzee akapuliza vumbi, akapitisha kiganja juu ya ubao, wala hakugeuka.

"Hebu usinisumbue, mama. Niko kazini."

Binti akarudi ndani, akaketi, akatulia, akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.