Hodi Mvunguni

Mwanangu Zayd alirudi kutoka Doha na masanduku mawili, ndevu mpya, na mwanasesere mkubwa kuliko mtoto aliyeletewa. Alikuwa ameondoka Raiya akiwa bado hajaota meno, na sasa binti yumo katika mwaka wake wa nne. Likizo ilikuwa fupi na haja yake ilikuwa moja: mtoto amjue kabla hajarudi kuendesha magari ya watu. Mengine yote, alisema, ni ziada.

Basi tukajipanga ukumbini kama tunaopokea bwana harusi. Sumeiya, mkaza mwanangu, alikuwa amemvalisha Raiya gauni la Idi ingawa Idi ilishapita. Wifi yangu Sheikha alikuja na chetezo chake, kwa kuwa hawezi kukosa shughuli yoyote inayoweza kufukizwa udi. Zayd akaingia, akachuchumaa, akafungua mikono, akasema njoo kwa baba.

Raiya akamkagua kuanzia viatu mpaka ndevu. Kisha akazama ndani ya buibui la mamake, tusimwone tena ila vidole vya miguu.

Hapo sote tukaharibu, kila mtu kwa ufundi wake. Sumeiya akamvuta mkono. Sheikha akauliza ni malezi gani haya, mtoto hampi mkono babake wala hasemi shikamoo. Zayd akambonyeza mwanasesere tumboni, naye akaimba Kiingereza kwa sauti iliyonifanya hata mimi nisogee. Nami, kwa mdomo huu nilionao, nikamtania ninavyowatania wajukuu zangu wote: "Mke mwenzangu, toka huko. Usinionee wivu, mume wetu mwenyewe alishatukimbia akahamia Mtwapa."

Wajukuu wengine nikiwaambia hivyo hunijibu kwamba alinikimbia mimi peke yangu, na huo ndio uhondo wa ubibi. Raiya alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Sheikha naye alinuna, maana huyo wa Mtwapa ni kakake.

Ajabu ni kwamba Raiya huyuhuyu kila Ijumaa alikuwa akizungumza na babake kwenye simu kama kasuku. Alimwonyesha paka, akamwimbia, akambusu kwenye kioo mpaka simu ikajaa mate. Kesho ya mapokezi yale, Zayd ameketi mkekani mbele yetu anakunywa chai, Raiya akachukua simu ya mamake akaniletea.

"Bibi, nipigie baba."

Nikamwambia baba huyu hapa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsahihisha mzee aliyeanza kusahau.

"Baba yuko ndani ya simu."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Zayd aliweka kikombe chini taratibu, akatoka nje barazani.

Wifi yangu alikwisha jua ugonjwa: mtoto kapigwa jicho. Alitaka aandikiwe kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani, zisuuzwe anyweshwe. Nikamwambia dua hatukatai, ila dua ya kumtoa mtoto haya sijaisikia, na zafarani iliyobaki tuitie kwenye pilau. Sumeiya yeye alikwenda kumuuliza Mwalimu Nduku wa chekechea, Mkamba mmoja mchangamfu aliyezoea watoto wa mtaa wetu kuliko sisi. Mwalimu akamwambia asihofu. Muhula wa kwanza wote Raiya alikaa karibu na mlango akitazama wenzake wakicheza, watu wakidhani hayupo. Kumbe nyumbani alikuwa akimwimbia paka nyimbo zote za darasa. Huyo huangalia kwanza, akasema. Akiridhika huingia mwenyewe, na ukimsukuma unaanza upya.

Jioni nilimkuta Zayd barazani akimenya viazi vyangu. Mimi hukaanga viazi karai hapo nje, biashara iliyomlisha yeye na nduguze baada ya baba yao kupata hamu ya Mtwapa.

"Mama," akasema, "mtoto wangu ananiogopa kama mwizi."

"Kwani uliingiaje? Ulibisha hodi?"

"Hodi? Kwa mwanangu?"

Nikamkumbusha alivyolelewa. Sisi hata nyumbani kwa mama aliyetuzaa hatuingii bila hodi. Unabisha mara tatu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka, na huweki kinyongo, maana huenda mwenyewe anaoga, huenda amelala, huenda leo tu hana uso wa watu. "Kule kwenye simu akichoka anakufunika kwa kiganja," nikamwambia. "Wewe wa hapa hufunikiki. Una sauti, una ndevu, unanukia duka zima la manukato, halafu unataka akurukie."

Akachukua kiazi kingine.

"Na isitoshe, haya zenyewe kazitoa wapi? Wewe wageni wakija ulikuwa unajificha nyuma ya pipa la maji mpaka waondoke. Uji nilikuletea hukohuko."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Pipa lilikuwa langu."

Raiya ana nyumba yake. Iko mvunguni mwa kitanda changu cha zamani chenye miguu mirefu, na pazia ni kanga yangu iliyochakaa. Humo ndani hupika mchanga kwenye vifuniko vya soda, na mgeni wake ni paka. Baada ya alasiri Zayd akaenda chumbani, akakaa sakafuni, kitanda akakipa mgongo. Akasema hodi. Kimya. Akarudia, kisha akarudia tena. Akainuka, akatoka, akaenda kukuna nazi.

Sheikha alisema sasa amewaona wendawazimu wawili. Lakini Zayd alirudi kesho yake wakati uleule, na siku zilizofuata. Hakuchungulia, hakuleta peremende. Saa nyingine alikaa nami kwenye karai, akichovya viazi kwenye unga, akijifanya haoni kwamba kwenye upenyo wa mlango kuna jicho moja linalomtazama. Mwanasesere tulimweka juu ya kabati, uso ukutani.

Siku moja nilikuwa nakunja nguo chumbani, Sumeiya akinisaidia, Sheikha amesimama mlangoni na malalamiko yake. Zayd akakaa mahali pake. Hodi ya kwanza, kimya. Hodi ya pili, kanga ikasema:

"Mwenyewe hayupo."

Raiya alikuwa ameiga sauti ya mamake, tena ile hasa anayomjibia Sheikha anapobisha mlango wa nje. Sheikha akamgeukia Sumeiya, akamtazama. Sumeiya akakumbuka ana kitu jikoni.

Zayd alibana midomo asicheke. "Kaenda wapi mwenyewe?"

"Sokoni."

"Akirudi mwambie Zayd alipita."

"Zayd gani?"

Mwanangu alitazama mikono yake. "Wa kwenye simu."

Kanga ikasogea. Likatoka jicho, likatua kwenye zile ndevu, likakaa hapo likipima. Mimi niliyekuwa nikikunja nguo nilishikilia shati moja bila kulikunja. Zayd angeweza kugeuka wakati huo akamnyakua. Wangapi kati yetu tungejizuia?

"Haya," akasema Raiya, kanga ikarudi.

Na Zayd akainuka akatoka. Nilimpenda mtoto wangu siku hiyo kuliko siku niliyomzaa, na siku hiyo nilimpenda sana.

Lakini neno karibu halikuja. Likizo ikakatika, Okoth akaja na teksi yake asubuhi kumpeleka uwanja wa ndege Mombasa, akawa anapiga honi nje. Zayd alikuwa chumbani kwake akifunga sanduku la mwisho. Alishakwenda mvunguni kubisha, akakuta paka peke yake. Nilikaa kitandani nikimkunjia soksi zisizohitaji kukunjwa, nikamtania kwamba akifika huko anyoe, huenda kikwazo ni ndevu. Akavuta zipu ya sanduku.

Mlango ukagongwa, chini, usawa wa goti.

"Hodi."

Zayd akaniangalia. Mwili mzima ulikuwa tayari kuruka. Nikamshika bega.

"Kaa. Jibu kama mtu."

"Karibu," akasema.

Raiya akaingia na kifuniko cha soda kilichojaa mchanga, akakiweka juu ya sanduku kwa uangalifu. Akasema ni pilau. Akashika mkono wa babake, akaubusu haraka kama kuku anayedonoa, kisha akapanda juu ya sanduku akaketi, mgongo akampa yeye, kama yeye alivyokuwa akimpa. Zayd hakumgusa. Alisogeza magoti tu, migongo yao ikakutana.

Honi ilikuwa imenyamaza. Tukasikia ndara za Okoth zikipanda ngazi za baraza, kisha sauti yake mlangoni ikiita hodi wenyewe, gari linasubiri.

Raiya alitutangulia kujibu, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani.

"Mwenyewe hayupo," akasema. "Kaenda sokoni."