Chemchemi Kwenye Benchi

Mama Shuka alikuwa anasuuza mashuka nyuma ya nyumba yake ya wageni, povu bado halijaisha, bomba likakohoa na kunyamaza. Akasubiri kidogo. Kisha akayakamua hivyohivyo, akayaanika na povu lake, akavaa viatu vya kushukia mlima.

Maji alijua yameanza kupungua lini. Mfuko wa Utalii Unaotunza Mazingira uliipa hoteli ya juu fedha za kujenga bwawa la kuogelea, na mabomba ya bwawa hilo yakachomekwa kwenye jicho la chemchemi. Langoni hoteli ikatundikiwa kibao chenye jani la kijani. Alichokuwa hajui ni kwamba chemchemi yenyewe imemtangulia mjini.

Aliikuta kwenye ofisi za mfuko, imekaa mwisho wa benchi, nyembamba na safi, inabubujika taratibu kama mtu anayetweta baada ya kupanda ngazi. Fundi seremala aliyefuata leseni alikuwa amejisogeza isibanwe. Mpokezi, binti mwenye mafua, alikuwa ameiwekea beseni chini, isije ikaona aibu kwa kulowesha sakafu.

"Shikamoo mama. Hii imekuja kabla hatujafungua," mpokezi alisema. "Haijasema kitu."

"Marahaba mwanangu. Pole na mafua."

Afisa wa mfuko akawaita chumbani kwake pamoja, yeye na chemchemi, maana shauri lao lilikuwa moja.

"Mama, nyumba yako tunaifahamu," alisema. "Mwezi huu imeongoza mlima mzima kwa kubana matumizi ya maji. Hata hoteli ya juu haifui dafu kwako."

"Nimebana kwa sababu hayapo, baba."

"Kipimo hakiulizi sababu."

"Basi irudisheni mahali pake. Wageni wangu wanahama. Wanalalia povu, wanajikuna."

Afisa aliitazama chemchemi kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezima feni ili isipulizwe.

"Kanuni zinalinda vyanzo vya maji vilivyoko mlimani," alisema. "Hiki sasa kiko mjini. Kimejitoa chenyewe kwenye eneo la hifadhi."

"Kimekuja kushitaki."

"Ndiyo maana. Kingebaki kule, tungekikagua kulekule."

"Kule mnafika lini?"

"Gari letu linaishia hotelini, mama."

Fundi aliyasikia yote kutoka nje, kwa kuwa mlango haukuwa na kitasa. "Ingekuwa mtalii," alisema, "saa hizi ingeshapewa kiti cha kuzunguka na juisi."

Mpokezi akacheka mpaka akapiga chafya.

Chemchemi ilirudi kwenye benchi. Mlimani haikuwa na pa kukaa, maana mabomba ya hoteli bado yalikuwa yamelala palepale pake. Hoteli sasa inaletewa maji kwa lori, na mfuko unalipia mafuta, kwa kuwa bwawa ni mradi wa mazingira na halifai kuachwa likauke.

Mama Shuka hushuka kila asubuhi na madumu yake kuchota pale benchini. Mlinzi wa ofisi humshikia mlango. Afisa humsogezea beseni ili achote vizuri, na akiwa hana watu humsaidia kujitwisha. Kisha mama huanza kupanda, akipumzika kila kona. Lori la hoteli likimkuta njiani humpigia honi, naye hujibana ukingoni na madumu yake mpaka lipite.