Pizza ya Mgeni

Kwa zaidi ya miaka ishirini Primus alioka pizza juu ya mawingu, na kila ilipotoka jikoni alipigiwa makofi. Jiko lenyewe lilikuwa hema, upepo wa kambi ya Karanga kule mlimani ukilivuta huku na huku, naye akipanga mawe madogo ndani ya sufuria kubwa, akiweka juu yake sufuria ndogo yenye kinyunya, kisha akifunika na kuukandamiza mfuniko kwa jiwe. Wageni walipouliza oveni iko wapi aliwaonyesha lile jiwe. Walicheka, wakalipiga picha.

Miongoni mwa wageni hao hawakukosekana wasiokula ngano. Ofisi ya kampuni ilimpa taarifa mapema, naye aliwatengea vyao. Wapishi wenzake waliwasengenya watu hao wakibaki peke yao jikoni. Waliamini ni ugonjwa wa waliokula wakashiba mpaka wakaanza kuchagua. Primus naye alicheka, maana nani asiyecheka akiwa na wenzake, ila kazi aliifanya sawasawa: mwiko wa peke yake, kitambaa cha peke yake, unga wa mchele kwenye mfuko wake. Hakutaka mtu wa watu augue mikononi mwake.

Kisha tumbo lake mwenyewe likaanza vituko. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa minyoo asiyokuwa nayo, akanyweshwa magome ya karibu kila mti unaoota kijijini kwao Kibosho. Mwishowe daktari mmoja alimpitisha mpira kooni, akachukua kinyama kidogo cha utumbo kwenda kukipima, na siku ya majibu akamwambia bila kuzunguka kwamba tumbo lake halipatani na ngano, wala shayiri, na halitapatana maisha. Primus alitoka mle ndani na aibu ya mtu aliyefumaniwa. Mchagga mzima, baba wa watoto watatu, kupatwa na ugonjwa wa wageni!

Alimwambia mkewe, Flavia. Akamwambia na paroko, kwa sababu hata hostia ya komunyo ni ngano, na paroko akawa anampa kikombe cha divai tu, kimyakimya, kule sakristiani, chumba cha nyuma ya altare. Wengine wote aliwaambia ana vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wenye heshima zake. Kila ukoo una mtu mwenye navyo na hakuna anayekuhoji.

Nyumbani, tuseme kweli, mambo yalikuwa mazuri. Flavia alianika ndizi mchare, akazisaga, akachanganya unga wake na wa mchele wa Chekereni. Unga huo haushikani kama ngano, unataka kubembelezwa, na Primus aliubembeleza kwa mayai na kiazi kilichopondwa mpaka ukakubali. Juu akatandaza nyanya, vitunguu na jibini ya masista. Jumapili mchana walikaa wawili jikoni, sinia moja katikati, wakala kwa mikono, jibini ikivutika kutoka kidole hadi mdomoni. Primus aliipenda saa hiyo kuliko saa nyingine zote za wiki. Tatizo lilikuwa mlango. Walikula mlango umefungwa, na hodi ikisikika sinia lilisukumwa chini ya meza. Mwanzoni Flavia alikuwa akicheka. Siku hizi hakuwa akicheka tena.

Mwaka huo ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano. Sirili, kaka mkubwa wa Primus, alijitwika uenyekiti wa kamati kabla hajaombwa, na akatangaza kwamba jubilei itakuwa na keki ya ghorofa tatu. Kila mtu anajua keki inafuatiwa na nini. Mume na mke husimama mbele ya watu, mmoja akamlisha mwenzake, vigelegele vikapigwa, simu zikanyanyuliwa juu. Primus alilifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa, kisha jioni moja, Flavia akikamua ng'ombe naye amemshikia ndoo, akamweleza mpango wake.

"Nitaipokea mdomoni. Nitaibana shavuni, nikikaa naitema kwenye leso."

Flavia aliacha kukamua. "Mbele ya watu wote wale?"

"Hakuna atakayeona."

"Mimi nitaona, Baba Davis. Nikulishe kitu ninachojua kitakulaza kitandani, halafu watu wapige vigelegele? Sitaweza. Kama huwezi kuwaambia, hiyo jubilei wafanye wao."

"Unataka niwaambie nini? Kwamba nimekuwa mzungu?"

Flavia akarudi kwenye kukamua. Maziwa yakaanza tena kulia ndooni. Flavia hakuwa mwanamke wa kutishia. Alichosema alikuwa amekwisha kukifanya moyoni, na Primus aliona jubilei yake ikimponyoka hivihivi, yuko zizini.

"Basi tuanze na wasiotujua," alisema Flavia baadaye, sauti imelainika. "Jumamosi nipeleke mjini. Tuketi mezani, uagize chakula chako kwa mdomo wako mwenyewe, tule. Umewalisha watu wa dunia nzima. Ukishindwa kumwambia msichana wa hoteli, Kibosho nzima utaiwezea wapi?"

Wakaenda. Flavia alivaa kitenge chake cha Pasaka, Primus akavaa koti. Waliingia mkahawa wa Mama Bhanu, mama wa Kihindi aliyezaliwa Moshi hiihii, ambaye pizza zake za bila ngano zilijulikana na kila kampuni ya kupandisha watu mlimani. Primus mwenyewe alikwisha kuwachukulia wageni wake chakula pale mara nyingi, ila hakuwahi kupita kaunta. Meza waliyopewa ilikuwa dirishani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kuna mwenyewe atakayekuja kukidai.

Mhudumu, Kindness, alikuwa akimfahamu. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo tukupe nini, mzee?"

Primus alikohoa. "Ile pizza. Isiyo na ngano."

"Sawa. Mgeni wako ni mmoja?"

Hapo ndipo alipoponzwa. Binti hakuwa na ubaya wowote. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwona mtu wa huku akiagiza kitu hicho kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amemfungulia Primus mlango wa kutorokea bila kujua, na Primus, mtu aliyekwea ukuta wa mwamba wa Barranco kule mlimani na jiko kichwani, akatoroka.

"Ndiyo, ni mmoja."

"Nikufungie?"

"Nifungie."

"Na nyinyi mtakula nini?"

"Niletee soda," alisema Flavia. "Mimi namsubiri huyo mgeni."

Boksi likaja, limefungwa vizuri, likawekwa katikati ya meza. Harufu ya majani ya oregano na jibini iliyoungua kidogo pembeni ilipenya kwenye matundu yake. Primus aliweka mkono juu ya kifuniko, akauhisi moto wake, akauondoa. Meza ya pili kulikuwa na familia inayokula, mtoto amejipaka nyanya mpaka kwenye nyusi. Flavia alikunja mikono mapajani, akatazama nje, akatazama boksi.

"Huyo mgeni," aliuliza taratibu, "anapenda kula ikiwa imepoa?"

Kabla Primus hajapata la kusema, mtu aliita jina lake kutoka mlangoni. Alikuwa Ildefonce, mwongoza watalii wa Kibosho, waliyepanda naye mlima mara zisizohesabika. Mtu mwema, ila siri ukimpa saa nne, saa sita imefika Umbwe.

"Kaka Primus! Na shemeji! Leo mmependeza, kulikoni?" Jicho lake likatua kwenye boksi. "Ahaa. Umepata safari hujaniambia. Unampelekea nani?"

Primus alimtazama mkewe. Flavia alikuwa akiichunguza soda yake na hakumsaidia hata kidogo. Primus alijionea huruma, halafu ghafla akachoka kujionea huruma. Alichoka na sakristia, alichoka na kusukuma sinia chini ya meza, na njaa ilikuwa inamuuma.

"Sina safari," alisema. "Mgeni mwenyewe ni mimi."

Akalifungua boksi.

Ildefonce alisimama akitazama pizza, akamtazama Primus, akaitazama tena pizza. "Wewe? Kama wale?"

"Kama wale."

"Na vile vidonda?"

"Sijawahi kuwa na kidonda."

Kicheko alichokitoa Ildefonce kiliwageuza watu wote mkahawani. "Ndiyo maana umeacha bia! Kaka, sisi kule nyumbani tumekwisha kusema umeokoka. Mke wangu ametumwa mpaka Majengo kutafuta kanisa unalosali kwa siri!"

Flavia alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Primus aliisubiri aibu yake, ile aliyokuwa akiikimbia muda wote huo, na kweli ilikuja, masikio yakamwaka moto. Lakini ilikuwa ndogo kuliko alivyoihofia, na ilipita yeye akiwa bado ameketi palepale. Alishangaa. Alifurahi pia, furaha ya waziwazi kabisa, akaweza hata kumwita Kindness.

"Mwanangu, samahani. Ubao mliokandia hii ni wa peke yake? Na mchuzi wa nyanya, mwiko haukupita kwenye ngano?"

Maswali hayo alikuwa anayajua kwa moyo, alikuwa akiyauliza kila mara kwa niaba ya watu wengine. Kindness alikwenda jikoni, akarudi na Mama Bhanu mwenyewe, mikono myeupe kwa unga wa mchele.

"Mzee Primus, wewe kila siku unauliza hayo kabla hujaagiza," alisema Mama Bhanu. "Leo hukuuliza, nikasema labda mgeni wa leo haumwi sana."

"Mgeni wa leo alikuwa anaona haya."

Mama Bhanu alimtazama, akamtazama Flavia na kitenge chake, akaelewa. "Ubao wake, sufuria yake, mwiko wake. Kula bila wasiwasi. Kindness, mbona chakula cha watu kiko kwenye boksi? Lete sahani. Lete sahani moja kubwa."

Walikula. Ildefonce alionja kipande, akakiri kwamba miaka yote alikuwa akiwaonea huruma wageni bure, kisha akaondoka haraka, bila shaka ana mahali pa kuipeleka habari. Primus alikula kwa mdomo na kwa taaluma. Ukoko wao ni mwembamba, alisema, umekauka vizuri, huu nitauiba. Jibini yao haifikii ya masista. Flavia akasema ya nyumbani ni tamu zaidi, naye akajifanya hakusikia ili aseme tena. Wakaagiza ya pili, yenye uyoga, wakadhani hawataimaliza, wakaimaliza.

Jumatatu Primus alikwenda mwenyewe kwa kaka yake. Sirili alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa amemtajia ugonjwa tofauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa kivulini kwenye migomba ya kihamba, shamba la ukoo, bilauri ya mbege mkononi.

"Na mbege?" aliuliza kwa hofu ya kweli.

"Mbege ni ulezi na ndizi. Haina neno."

Sirili akashusha pumzi. "Basi si ugonjwa mbaya. Lakini keki nimekwisha kuilipia. Tuirudishe?"

"Keki ni ya watu, wale washibe. Mimi na Mama Davis tutakuwa na yetu."

Siku ya jubilei mshereheshaji aliwaita mbele, muziki ukapunguzwa. Keki ya Sirili ilikuwa imesimama pale, ghorofa zake tatu, nyeupe, na pembeni yake sinia limefunikwa kitambaa. Flavia alikiondoa. Waliokaa mbele waliona duara lenye nyanya na jibini, bado linatoa mvuke. Waliokaa nyuma walisimama ili nao waone. Mnong'ono ukaanza kutembea kwenye turubai. Primus aliomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu, niliwadanganya. Sina vidonda. Ngano ndiyo inayoniumiza, na mke wangu amekataa kunilisha kinachoniumiza. Kwa hiyo leo tutalishana hii. Nimeipika mwenyewe."

Paroko alitabasamu akaangalia viatu vyake. Shangazi mmoja mzee wa mstari wa mbele akamuuliza jirani yake, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kama hiyo ni keki ya Kihindi, na jirani akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba ni ya Primus.

Flavia alikata kipande. Hakuwa na haraka. Aliupuliza ule mvuke mara mbili, kama alivyokuwa akiwapulizia watoto wao uji, akakinyanyua hadi mdomoni kwa mumewe. Vigelegele vikapanda mpaka juu ya turubai. Primus alitafuna akimtazama, akameza, akafungua mdomo tena.