Lakini ya Bibi Fundi

Mtaa mzima ulimwita Bibi Fundi, maana alishona sare za shule tangu wazazi wa leo walipokuwa watoto. Ulimi wake haukuwa na breki. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, aliambiwa pale pale kuwa suruali haina kosa, mwenye kosa ni kitambi. Kwa Kiswahili hakuna aliyemweza. Balaa ni kwamba mkwewe hakujua Kiswahili.

Mkwe huyo alikuwa mume wa marehemu binti yake, naye aliishi ng'ambo. Binti alifariki mjukuu akiwa bado mchanga, na bibi ndiye aliyemlea mpaka sasa yuko darasa la tatu. Juzi mkwe alipiga simu, mpwa wa Bibi Fundi akatafsiri: anakuja, angependa kumchukua mwanawe, ila hatamchukua kwa nguvu. Bibi akikataa, mtoto atabaki. Mpwa naye, mropokaji wa kuzaliwa, akamjibu ovyo mpaka simu ikakatwa. Kumtumia huyo tena ilikuwa kutafuta ugomvi. Na mtoto je, aliyekijua Kiingereza cha shuleni? Utamwambiaje mtoto atafsiri maneno ya kumgombania mwenyewe? Bibi Fundi akaamua kukataa kwa mdomo wake.

Akaenda kwa jirani yake, mwalimu wa Kiingereza.

"Mwalimu, nifundishe kusema hapana."

"Hapana kavu kavu haisemwi, Bibi. Atakuona mkali, naye atakaza kamba. Unaanza kwa kumshukuru. Halafu unakubali yale ya kweli aliyoyasema. Ndipo unaweka lakini, unatoa lako."

"Mzunguko wote huo kusema sitaki?"

"Ndiyo adabu ya Kiingereza."

Bibi Fundi akacheka, akakariri. Wiki nzima mguu ulikanyaga cherehani na midomo ikanong'ona, hadi wateja wakadhani anasali.

Mkwe alifika Jumamosi. Alikaa kwenye kochi magoti yamebanana, akaeleza taratibu kwa Kiingereza chepesi, bibi naye akaweza kumfuata. Shule nzuri iko karibu na kwake. Chumba cha mtoto kimeshapakwa rangi. Yeye wakati ule aliondoka akiwa amechanganyikiwa na msiba wa mkewe, na tangu hapo hajala akashiba. Mjukuu alikuwa ametumwa jikoni kuosha vikombe.

Bibi Fundi akajiweka sawa. Akamshukuru. Akasema ni kweli, mtoto anamhitaji baba. Akasema shule ya kule ni nzuri. Akasema anajua yeye ni mtu mwema. Kiingereza kilimtoka kimenyooka, akajishangaa mwenyewe. Akavuta pumzi aweke lakini.

Mkwe akaangua kilio. Alimshika mikono yote miwili, asante Mama, asante Mama, na kabla bibi hajapata upenyo, akamwita mtoto, akamwambia kwa Kiingereza kwamba bibi amekubali.

Mtoto alisimama mlangoni, mikono imejaa povu. Uso wake ulichanua namna ambayo Bibi Fundi hakuwahi kuiona.

"Kweli, Bibi? Umekubali niende kwa baba?"

"Sijamaliza!" Bibi Fundi akasema. "Mwambie baba yako sijamaliza. Kuna lakini."

Mtoto akatafsiri, na uso ukamshuka. Hakubisha, hakununa. Alitazama chini tu, akawa anafuta povu kwenye gauni. Mkwe, muungwana mpaka anakera, alijipangusa machozi, akaketi tena, akasema anasikiliza. Na kweli alikuwa anasikiliza. Neno moja tu la bibi na angeondoka peke yake.

Basi Bibi Fundi akasema lakini, kwa Kiingereza, kwa sauti, kama alivyofundishwa. Kisha akatafuta la kufuatia. Alikuwa amepanga kusema mtoto atateseka ugenini, akamwona baba yule na macho yake mekundu, akajua atakuwa anamsingizia. Alikuwa amepanga kusema mtoto mwenyewe hataki, na mtoto huyo hapo, anamwangalia kwa kuibia. Yale yote aliyoyakubali kwa ajili ya adabu yalikuwa kweli tupu. Upande wake lilibaki moja, kwamba yeye atabaki na nani, na hilo hakuona mahali pa kuliweka. Akashika mkono wa kiti.

"Lakini nini, Mama?" mkwe akauliza kwa upole.

Mtoto alikuwa ameinua kichwa, anangoja.

"Lakini anaogopa giza," Bibi Fundi akasema, kwa Kiingereza kilichokatikakatika. "Usimzimie taa."