Mama Mkwe na Amri ya Nne

Mwaka 1934, mwalimu wa dini Egidi alimfundisha mama mkwe wake katekisimu bila kumwona uso hata siku moja. Katika ukoo wao wa Kimatengo, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani wala hawasemezani. Basi Mama Kapinga alikaa nje, nyuma ya ukuta wa shule, akichambua maharage, na Egidi akawasomea wengine ndani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akikatizwa na kikohozi chake na kelele za watoto wa nyuma. Maswali ya mama yalimfikia jioni kupitia kwa mkewe, Scolastika.

Mama alitaka kitu kimoja: kubatizwa Pasaka iliyokuwa ikija, angali anaweza kuupanda mlima hadi kanisani. Magoti yalikuwa yameanza kumkatalia.

Padri mgeni alipokuja kuwapima waliotaka ubatizo, alimwachia Egidi aulize. Zamu ya Mama Kapinga ilipofika, akajifunika kaniki usoni, akageukia ukuta. Egidi naye akatazama vidole vya miguu yake. Padri akangoja, kisha akasema huyu hajui kitu, arudi mwakani.

Egidi akaeleza mwiko wao. Padri akajibu kwa upole kwamba kanisani wote ni watoto wa Baba mmoja. Mama ageuke, amtazame mwalimu wake.

Mama Kapinga akamwita binti yake. "Mwambie Padri, amri ya nne inataka heshima. Heshima yetu, mimi na mumeo, iko machoni: hatutazamani."

"Amri inataja baba na mama," Padri akasema. "Haitaji mkwe."

"Mwulize, mama wa mke si mama?"

Padri aliiweka kalamu chini. Kisha akamwomba Egidi atoke, akauliza mwenyewe.

Egidi alisimama uani. Akamsikia mama akijibu maswali yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili kile kile cha darasani. Alipofika sakramenti ya tano akakohoa mara mbili, akasema, "Nyamazeni huko nyuma," akaendelea na ya sita. Padri akacheka, cheko la muda mrefu.

Scolastika akatoka mbio.

"Amepita. Pasaka ataitwa Hildegardi," akasema, akifuta machozi. "Na mama amesema hicho kikohozi chako, baba, ukakitafutie dawa. Anakisikia tangu masika yaliyopita."