Ufunguo Shavuni

Kila asubuhi, kabla ya saa tatu, wanawake wa mtaa wa wafua shaba mjini Tetouan walipeleka vibao vya mikate mibichi kwenye tanuri la Mfaddal. Kila nyumba ilikuwa na mhuri wake wa mti ili mikate isichanganyike: hii nyota, ile jani la mzeituni, nyingine mistari mitatu. Mfaddal hakuihitaji mihuri hiyo. Baada ya miaka arobaini ya moshi na kiuno kibovu, aliujua mkate wa kila nyumba kwa kuugusa tu.

Desturi nyingine aliirithi kwa baba yake. Mwenye nacho aliongeza mkate mmoja usio na mhuri, na Mfaddal akauingiza kwenye kibao cha aliyepungukiwa. Nyumba ilipeleka miwili ikarudishiwa mitatu, wala hakuna aliyeuliza. Larbi, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Mfaddal kusoma, ambaye mtaa mzima ulimwita Si Larbi, yaani Bwana Larbi, kwa heshima, alileta mkate mmoja mdogo akarudi na miwili ya maana. Kabla ya kuondoka alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akasoma gazeti la jana kwa sauti na kumsuta waziri huyu na yule. Hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo haikumchosha Mfaddal.

Kisha mdogo wake, Anouar, aliyeshika mambo ya biashara, akarudi kutoka kwenye semina ya biashara za kifamilia na mhuri mpya: ufunguo, alama ya ukoo wao. Alitaka mikate ya sadaka ipigwe mhuri huo, watu wajue nani anawakumbuka, na maduka mengine yaige.

"Kizuri chajiuza," Mfaddal alimwambia. "Tenda wema nenda zako."

"Zamani hiyo, kaka. Siku hizi hata kizuri kinatembezwa."

Walibishana siku tatu. Siku ya nne Mfaddal alikuwa amechoka, akakubali. Kosa hilo lilikuwa lake, na hakuwahi kumsukumia mtu mwingine.

Ijumaa iliyofuata mikate ikapigwa mhuri, na kila aliyekula mkate wa sadaka alitokwa na alama ya ufunguo shavuni. Ulikuwa wa kahawia, umevimba kidogo, unanukia ngano. Haukuuma, na sabuni haikuutoa. Mwenye duka la dawa aliuza marhamu kwa wiki moja, halafu akaona haya akaacha. Shuleni, watoto wenye ufunguo walipangiwa foleni yao ya chakula, kurahisisha kazi. Muuza nyama aliwataka wenye ufunguo waoneshe pesa kwanza. Tanuri lilipata wateja wapya kutoka mitaa ya mbali, na Anouar akapewa cheti, akakitundika juu ya mizani.

Si Larbi alitoka mara moja tu, kajifunga shali mpaka machoni, na ilikuwa mwezi wa saba. Mtu akamtania kama baridi imemwingia. Mwalimu akageuka, akarudi ndani, na kiti cha mlangoni kikabaki kitupu.

Mfaddal aliuficha mhuri, akarudia mikate ya baba yake isiyo na mhuri. Funguo zilitokea vilevile.

Siku ya tisa tangu kiti kibaki kitupu, alichukua mikate miwili na gazeti, akaenda kugonga mlango wa mwalimu.

"Si Larbi, ni mimi."

"Najua. Nakusikia unavyohema."

"Nimekuletea mkate."

"Wape wengine, mwanangu. Mimi nimeshiba."

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye njaa. Mwokaji hadanganyiki kwa hilo.

"Basi njoo unisomee gazeti tu."

"Soma mwenyewe. Si nilikufundisha?"

Mfaddal akaketi kizingitini. Alikula mikate yote miwili, bila maji, bila hamu, ili naye atokwe na ufunguo, watembee wawili. Akangoja mpaka adhana ya alasiri, kisha akajipapasa. Shavu lilikuwa laini. Mkate ulikuwa wake mwenyewe, na anayekula chake hapigwi mhuri.

Akapangusa makombo, akalisukuma gazeti chini ya mlango, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake asubuhi alipita tena. Gazeti lilikuwa palepale, nusu ndani, nusu nje.