Gauni la Mama Mkubwa

Jumatatu baada ya uji, cherehani zote zilikuwa zinanguruma isipokuwa moja. Wanawake walikuwa wanashona sare za shule, sketi za kijani zenye marinda, kwa ajili ya watoto wa nje ya uzio ambao hawakuwahi kuwaona. Cherehani iliyonyamaza ilikuwa ya Mama Mkubwa, kwa sababu Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akimpima gauni la harusi msichana wa miaka kumi na tano.

Msichana huyo walimwita Mbishi. Jina alilipata angali mdogo, kwa utani, kwa kuwa alikuwa akigoma kulala mchana. Siku hizi utani ulikuwa umekwisha na jina limebaki.

Aliyetaka kumwoa alikuwa Mlezi. Mlezi ndiye aliyejenga uzio na ndiye aliyempangia kila mtu kazi, chumba na ndoa. Alikuwa amepita miaka sabini, ananuka dawa ya kuchua na maziwa yaliyolala, na alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kumshika mtu kidevu. Wasichana wote aliwaita binti yangu mpaka siku alipowaita mke wangu, na sauti ilikuwa ile ile. Wake zake walikuwa hawaenei tena kwenye meza moja, kwa hiyo walikula kwa zamu.

Gauni lilikuwa moja tu kwa wote. Lilikuwa la satini nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya meno, lenye lasi shingoni na vifungo mgongoni kutoka juu hadi chini, ili mvaaji asiweze kulivaa wala kulivua peke yake. Kila mke wa Mlezi aliolewa akiwa amelivaa, kisha likarudishwa kwenye sanduku la bati pamoja na dawa ya nondo. Mama Mkubwa, mke wa kwanza, ndiye aliyelirekebisha kila mara. Ukiligeuza ndani nje ungeona mishono imepangana, kila bibi harusi na wake, kwa rangi ya uzi uliokuwapo mwaka huo: mweupe, wa maziwa, wa kijivu, wa buluu. Yote ilikuwa mishono ya kupunguza. Gauni halikuwahi kuongezwa hata mara moja, na watu waliojua kuona kifungo kimoja kilichokaa upande katika rundo zima la mashati hawakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mama Mkubwa," Mbishi alisema, "mimi sitaki."

Mama Mkubwa alikuwa na pini mdomoni. Mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na yeye alikuwa nazo mdomoni tangu watu wamjue.

Gauni likapungua. Halikutoa sauti. Pindo lililokuwa likifagia sakafu lilipanda hadi kwenye kifundo cha mguu, na mabega yakabana. Mama Mkubwa alitazama pindo, akatazama tepu yake, akaanza kupima upya.

"Umerefuka, wewe," alisema mke mwenza mmoja bila kusimamisha cherehani yake.

"Sijarefuka, mama. Ni kwamba sitaki."

Pindo likapanda hadi katikati ya muundi. Ikabidi wamfungue vifungo haraka kabla hajakosa pumzi.

Walifanya yanayofanywa nguo ikiruka baada ya kufuliwa. Waliliroweka kwenye maji ya uvuguvugu, wakalipiga pasi likiwa bichi, na wake wawili wakalishika huku na huku wakalivuta kama wanaokunja shuka. Mama Mkubwa alifumua mshono wa buluu ili aongeze, lakini nguo ilijikunja palepale alipotoa uzi na ukawa kana kwamba haujafumuliwa. Basi akaushona tena, maana hakupenda kuacha kazi nusu.

Mbishi aligundua mapema kwamba haikuwa lazima awe amelivaa. Alisema sitaki akisugua masufuria, na kwenye sanduku gauni likapungua. Alisema sitaki akianika kanga za mama yake, likapungua. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kwa neno lake kufanya kazi yoyote, naye alilitumia vizuri. Hakuwa na njia nyingine. Kilichotoka nje ya uzio kilikuwa lori la sare tu, na dereva wa lori hilo alikuwa baba yake. Msichana mmoja aliwahi kutoka kwa miguu. Lori likamkuta barabarani kabla jua halijawa kali, likamrudisha. Jioni hiyo dereva alipewa kipande kikubwa cha nyama na akakila chote.

"Unataka nionekane sina kauli nyumbani kwangu?" baba yake alimwuliza wakila chakula cha jioni.

"Nataka nisiolewe, baba."

"Mwanangu," mama yake alisema, "sote tulilia. Halafu tukazoea."

"Mlizoea nini?"

Mama yake alimwongezea chakula ambacho hakukiomba. Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa la kutolewa mbele ya watu wanaokula.

Mdogo wake, mtoto wa kike wa miaka minane, alisikiliza haya yote kwa furaha. Walimwita Pengo kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Kazi yake ilikuwa kuokota pini chini ya cherehani kwa sumaku, na katika vitu vyote vya ndani ya uzio alichokipenda zaidi ni lile gauni.

"Likiendelea hivi," alisema, mdomo umejaa, "litanitosha mimi!"

Baba yake aliacha kutafuna kidogo, kama mtu aliyekumbushwa jambo, kisha akaendelea.

Alhamisi Mlezi alikuja mwenyewe kwenye chumba cha cherehani. Aliliinua gauni mbele ya dirisha, akaligeuza huku na huku, wala hakushangaa.

"Gauni halikosei," alisema. "Sisi ndio tulikuwa tumekosea. Binti yangu, njoo nikuone."

Alilamba kidole gumba akamshika Pengo kidevu. Wakamvisha. Vifungo vilifungika vyote, kiuno kilikaa mahali pake, na Pengo alizunguka ili lasi ipepee, akicheka na pengo lake wazi. Wanaume wawili waliokuja na Mlezi walitikisa vichwa kukubali, kwa utulivu wa watu wanaokagua meza iliyochongwa vizuri.

"Sina haraka," Mlezi alisema. "Nitangoja. Miaka michache si kitu."

Wakamsifu kwa subira yake. Ni sifa ya kumtapisha mtu, lakini ndivyo walivyomsifu, na mmoja alikuwa na chozi jichoni.

Mbishi alingoja mpaka Pengo avuliwe. Kisha akakaa kwenye kiti karibu na sanduku, akaanza kusema sitaki. Alilisema bila kupumzika, asubuhi yote, katikati ya ngurumo za cherehani. Sauti ilipokauka alikunywa maji akaendelea. Wanawake walimzoea haraka, wakawa wanapisha mguu wake wakipita na marobota ya vitambaa. Alasiri gauni lilikuwa halimwenei Pengo tena. Jua lilipoanza kulegea lilikuwa dogo kiasi cha kutandazwa kwenye viganja viwili, lasi na vifungo vyake vyote vipo, kila kifungo saizi ya mbegu ya nyanya. Mbishi alinyamaza. Aliamini ameshinda, kwa sababu ndani ya uzio hapakuwa na mtu wa kuolewa amevaa nguo ya kadiri hiyo.

Alikosea, na lilikuwa kosa la mtu mwenye akili zake. Alidhani kuna mahali watu wale wangefika wakaona aibu.

Kesho yake Mlezi aliagiza mtoto wa fundi mwashi. Alikuwa mtoto wa kike, mchanga, bado wa kunyonya, na aliletwa amelala. Mama yake, binti wa watu asiyemzidi Mbishi miaka mingi, alimshika huku Mama Mkubwa akimvisha. Gauni lilimkaa sawasawa. Mtu mmoja nyuma alipiga kigelegele kwa mazoea, na alipoona wenzake wamekaa kimya hakukikatisha, alikimalizia.

"Huyu awekwe," Mlezi alisema. "Nikijaliwa uhai."

"Ujaliwe," watu waliitikia.

Alilamba kidole gumba. Mtoto alijikunja usingizini kidevu kilipoguswa, akacheua maziwa kidogo juu ya lasi. Mama yake aliyafuta kwa ncha ya mtandio. Kisha Mlezi akamgeukia Mbishi, na hapakuwa na hasira usoni mwake hata chembe.

"Endelea, binti yangu. Wewe lipunguze, sisi tutatafuta wa kumwenea."

Mama wa mtoto alimtazama Mbishi. Kwa Mlezi hakugeuza hata macho.

"Nyamaza basi, dada," alisema. "Umeshatufikisha mpaka hapa. Nakuomba, nyamaza."

Hapo Mbishi alimtazama mtoto. Alimtazama Pengo, aliyekuwa chini ya meza na sumaku yake. Sauti aliyobaki nayo ilikuwa kama ya mlango unaokwaruza.

"Nataka," alisema.

Ulikuwa uongo, na chumbani hapakuwa na mtu asiyejua. Waliupokea kama kweli, na gauni nalo likaupokea hivyo hivyo. Likaanza kukua mikononi mwa mama wa mtoto, ikabidi wamtoe mtoto haraka asimezwe na satini. Lilifika saizi ya Pengo, likafika saizi ya Mbishi, na wakamvisha likiwa bado linakua. Lakini lilipofika kwenye mabega yake halikusimama. Mishono ilianza kuachia mmoja mmoja, buluu kwanza, kisha kijivu, kisha wa maziwa, kisha mweupe, na nyuzi zikadondoka sakafuni. Mikono ilimfunika vidole. Kiuno kilimshukia nyongani, kifua kikakaa kitupu mbele yake, na pindo likatanda mpaka chini ya cherehani za watu.

Lilipotulia, walimwona. Lilikuwa gauni la mwanamke, na ndani yake alisimama mtoto aliyeazimwa nguo. Wake wa Mlezi waliangalia chini, kila mmoja akiutafuta uzi wake katika ule uchafu wa sakafuni, na kila mmoja aliuona.

Mama Mkubwa akatoa pini mdomoni. Cherehani zikasimama zenyewe.

"Hili lilikuwa langu," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nililishona mwenyewe."

Wakamngoja aendelee. Alikuwa na midomo yenye vitundu vidogo vidogo, na alionekana hajui aifanyie nini sasa.

"Tunajua, mama," Mlezi alisema kwa upole. "Litakuwa tayari kesho, Jumamosi?"

Mama Mkubwa alishika kitambaa kilichozidi kwenye bega la Mbishi, akakikunja kati ya vidole viwili, akakadiria. Kilikuwa kingi.

"Litakuwa tayari," alisema, akarudisha pini mdomoni na kupiga magoti.

Cherehani zikaanza tena. Mlezi akaenda kunywa maziwa yake. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, kwa hiyo mshono wa Mbishi ungekuwa wa kijani, wa sare. Mbishi alisimama mikono imenyooshwa pembeni kama alivyoagizwa kwa ishara, machozi yanamshuka na hawezi kuyafuta, maana vidole vilikuwa vimepotelea ndani ya satini. Pengo aliokota nyuzi zilizodondoka na kuzizungusha kidoleni, rangi zote pamoja, akajisogeza karibu ili aone kazi.

Mama Mkubwa alipima mabega ya Mbishi, akapima kifua, akapima kiuno, akapima urefu wa mkono. Kisha, kwa kuwa tepu ilikuwa tayari imekunjuliwa na mtoto amesimama hapo hapo, akampima na Pengo.